Bibi katutangulia juu
Jana tulikuwa hifadhi ya Mesa Verde, Colorado, Marekani. Mama yangu alipoiona ngazi ya mbao ya kupandia Balcony House, makazi ya kale kwenye jabali, urefu wa mita kama 10, akasema, "Mie nawasubiri hapa hapa." Sijui nini kilimbadilisha, maana muda si muda yuko juu anatucheka! Aliyekwama ni mimi, kwenye kile kipenyo cha kutokea, upana haufiki nusu mita, unatambaa kama mtoto. (Kitambi nacho kina hesabu zake.) Vyumba kama 40 vya mawe, chini ya mwamba, Wapueblo wa kale, wenyeji wa asili wa huko, walivijenga miaka ya 1200. Mwanangu kainamia ukuta, hagusi: "Baba, kumbe udongo wanaukandika kama kwa bibi kijijini!"