Kopo la nyaya tatu

Fundi redio anayenifundisha kazi pale Majengo, Dodoma, ana kopo la dawa ya viatu alilolifunga kwa gundi. Linatoka nyaya tatu: nyekundu, njano na bluu. "Humo mna rezista tatu tu. Usifungue. Niambie ni za ngapi na zimeungwaje." Akarudi kwenye redio yake.

Nikachukua mita ya kupima ukinzani, yaani jinsi rezista inavyozuia umeme, kwa kilo-omu. Kipimo cha kwanza nilikiharibu mwenyewe: nilishika ncha kwa vidole vyenye jasho (mchana wa Novemba hapa si mchezo), kumbe najipima na mimi. Nikabana kwa klipu. Nyekundu na njano, kilo-omu 6.6. Njano na bluu, 6.7. Nyekundu na bluu, 6.6. Basi rezista zote ni za aina moja. Nikasema ni staa, yaani kila rezista ina ncha moja kwenye waya wake na ncha nyingine zote zimekutana katikati: kila nikipima napita mbili zinazofuatana, kwa hiyo moja ni 3.3, na 3.3 dukani zipo. Nikaenda kifua mbele.

"Na kama ni delta?"

Hilo sikuliwaza. Kwenye delta, yaani zikiungwa pembetatu na waya ukitoka kila kona, umeme una njia mbili: huku rezista moja, kule mbili zinazofuatana. Zikiwa za 10, ni 10 sambamba na 20, yaani 200 gawanya kwa 30. Inakuja 6.67. Na za 10 nazo dukani zipo!

Nikajaribu ujanja, nikaunganisha njano na bluu, nikapima na nyekundu. Staa ingetoa 4.95, delta 5. Mita ikaandika 4.97. Rezista za mstari wa dhahabu zinaruhusiwa kupishana asilimia 5 juu au chini, sasa hapo utatenganisha nini?

Siku mbili nikahangaika na betri na volti. Jirani yetu, anayesuka mota za mashine za kusaga, ndiye aliyenionea huruma. "Mdogo wangu, delta ya rezista sawa ukiigawa kwa tatu ni staa. Ukiwa nje ya kopo ni kitu kilekile, hata ununue mita ya milioni."

Nikarudi. "Fundi, ni staa ya 3.3 au delta ya 10. Kwa nje haijulikani."

Hakusema kitu. Akachokonoa gundi kwa bisibisi, kifuniko kikaruka. Rangi za mistari ya rezista ni kahawia, nyeusi, chungwa, yaani za 10, zimeungwa pembetatu. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kopo jingine. Hili lina nyaya nne.