Uso wangu baada ya hedhi kukata

Dada zangu naomba niliongee hili maana mimi hakuna aliyeniambia. Nina miaka 51, hedhi ilikata mwaka juzi, basi ndani ya miezi michache uso ukabadilika kabisa, ngozi kavu inavuta hata nikitoka tu kuoga, mashavu yamelegea, mistari kando ya mdomo ambayo sikuwa nayo, halafu chunusi kidevuni, utu uzima huu! Nililia mbele ya kioo, kweli kabisa.

Daktari wa ngozi ndo akanielewesha. Homoni ya kike iitwayo estrojeni ikishuka ngozi inapunguza kutengeneza kolajeni, na kolajeni ndo inashikilia uso usilegee, na ile miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma inaweza kupotea karibu asilimia 30, baada ya hapo inapungua taratibu. Mafuta ya asili nayo yanapungua, ndo ule ukavu. Chunusi je? Homoni za kiume, ambazo wanawake wote tunazo kidogo, zinabaki na nguvu kuliko estrojeni.

Sasa hivi sabuni kali nimeacha, napaka losheni uso ukiwa bado na majimaji, sanskrini (krimu ya kukinga jua) kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, usiku retinoli (krimu yenye vitamini A ya kupunguza mistari) kidogo sana mara 2 kwa wiki maana mwanzo niliizidisha ikanibabua. Ukavu umepungua mno, mistari bado ipo. Kinachoniuma ni ile miezi yote niliyokaa nikidhani nimejichakaza mwenyewe kwa mawazo, kumbe mama yangu naye alipitia hivi hivi akanyamaza.