Bonane ndani ya Idjwi

Mtu wa Goma akisema anaenda kula Bonane, yaani sikukuu ya Mwaka Mpya, elewa ni bia, kuku na muziki wa jirani mpaka kunakucha. Mwisho wa 2022 tuliamua kuila majini, Ziwa Kivu. Vijana wa mtaa wa Himbi tulichanga, tukakodi mtumbwi wa mota wa kutupeleka Bukavu polepole, tulale kisiwani Idjwi njiani. Kanoti za kasi humaliza safari hiyo kwa saa chache, lakini ndani yake huoni ziwa, unaona mgongo wa aliyekaa mbele yako.

Papa, yule mzee aliyeshika mota, alitukatalia kuogelea karibu na ufuko. "Hapo kuna mazuku, batoto yangu. Munataka kufa mbele ya Bonane?" Hakuna aliyebisha, hewa ile nzito inayotoka ardhini na kujilaza mabondeni, Goma kila mtu anaijua. Tulipokuwa mbali akazima mota, tukaruka. Kivu hakuna mamba wala kiboko. Kinachotisha ni kina chenyewe, zaidi ya mita 480.

Msidhani Idjwi ni kisiwa cha kuzunguka kwa mguu kabla ya chakula. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, kinachokizidi ukubwa ni Ukerewe tu. Tulishukia upande wa mashariki jioni, penye migomba, kahawa na mananasi karibu mpaka majini. Shangazi wa mwenzetu mmoja alitupakulia bugali, mboga za lengalenga na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga, akaweka na kasiksi, ile pombe ya ndizi inayokunyweka kirahisi halafu magoti yanakukana. Nikamwambia hawa sambaza ni wageni hapa, waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Akacheka: "Basi bageni banazaa kushinda siye!"

Saa sita usiku ngoma za kanisani zilipasuka, watoto wakagonga masufuria, "Bonane! Bonane!" kilima kwa kilima. Hata wavuvi waliokuwa majini na taa zao wakaitikia kwa nyimbo. Fataki hakuna, na sikuzikumbuka.

Ila giza la Idjwi lisisifiwe sana. Sifa hizo ni za mgeni anayeondoka kesho. Pale kijijini umeme ulikuwa kisahani cha jua juu ya bati, na foleni ya simu za majirani chini yake. Ng'ambo, upande wa Rwanda, taa zilimetameta ufuko mzima. Kule Kibuye, tangu 2016, mtambo wa KivuWatt unavuta gesi ya methani kutoka chini ya ziwa hilihili na kutoa megawati 26. Mume wa shangazi aliziangalia zile taa, akaniuliza, "Na ya huku kwetu, batavuta lini?" Nikamsogezea kikombe cha kasiksi. Jibu sikuwa nalo.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Watoto walipita na nguo mpya, mkono mbele, wakidai Bonane yao, wakatumalizia franka zote ndogo. Tuliporudi mtumbwini tukakuta papa ameujaza mananasi ya kuuza Bukavu, pa kuweka miguu hakuna. Tukakaa juu yake njia nzima. Kila tulilokula, alilihesabu. Kadutu, mtaa wa Bukavu, tulimlipa bei ya soko.