Nilivyoweza kupima pua na sainasi bila kubabaika

Nilipoanza mafunzo ya kliniki pua ndo ilikuwa inanipa shida kuliko sehemu yoyote ya mwili, maana kifua unakisikiliza, tumbo unaliminya, ila pua unachungulia katundu unaona wekundu wekundu basi imeisha. Majina nilikuwa nayo yote kichwani, sainasi (vile vishimo vyenye hewa ndani ya mifupa ya uso vinavyofunguka puani) jozi 4, za maksila mashavuni, za frontali kwenye paji, za ethmoidi katikati ya macho, na za sfenoidi huko ndani kabisa. Ila majina hayakusaidii kitu ukishakaa mbele ya mgonjwa.

Kilichonifungua macho ni kuuliza swali moja tu kwa kila sehemu, hii inamwaga wapi? Ukuta wa pembeni wa pua una vinundu vitatu vimetokeza, vinaitwa tabineti, cha chini, cha kati na cha juu, na chini ya kila kimoja kuna kijia. Kijia cha chini kinapokea machozi toka jichoni, ndo maana mtu akilia na pua nayo inachuruzika. Cha kati ndo chenye kazi kubwa, hapo zinamwaga sainasi za mashavu, za paji na ethmoidi za mbele, ethmoidi za nyuma zinatokea kijia cha juu, na sfenoidi ina pake nyuma na juu zaidi. Sasa nikiona usaha umekaa chini ya tabineti ya kati najua nianze kuzishuku sainasi zipi, sibahatishi.

Halafu kuna hili ambalo mpaka leo nikilifikiria nashangaa, tundu la kutolea uchafu la sainasi ya shavu halipo chini, lipo juu kwenye ukuta wake wa ndani. Yaani mtu akiwa amesimama makamasi lazima yapande ndo yatoke! Yanapandishwa na vinywele vidogo sana vinaitwa silia, vinayasukuma taratibu kuelekea kwenye hilo tundu, sasa mafua yakivimbisha njia au silia zikashindwa kazi, uchafu unabaki humo humo. Na sakafu ya hiyo sainasi iko karibu kabisa na mizizi ya magego ya juu, kwa hiyo mtu akija na usaha unaonuka wa upande mmoja mi namwambia afungue na mdomo niyaangalie meno.

Upimaji wenyewe naanza bila kifaa. Naangalia pua kwa nje kama imepinda, nainua ncha kwa kidole gumba nione mlangoni, afu naweka chuma baridi chini ya matundu mgonjwa apumue, mvuke unaotanda kwenye chuma unaonyesha upande upi hewa inapita vizuri. Hapo usikimbilie kusema upande umeziba, kwa kawaida pande mbili za pua zinapokezana kuvimba na kunywea kila baada ya saa kadhaa.

Ndo nachukua spekulamu, kile chuma cha kupanulia tundu la pua, na taa ya kichwani. Siingizi ndani sana na siegemezi chuma kwenye ukuta wa katikati unaotenganisha matundu mawili, unauma huo. Mgonjwa anakuwa kichwa wima kwanza, maana sakafu ya pua haipandi kuelekea kwenye macho kama watu wengi wanavyodhani, inaenda moja kwa moja nyuma, nikishaiona hiyo ndo namwambia mama au mzee alaze kichwa nyuma kidogo nione tabineti ya kati. Ukuta wa katikati kwa mbele naukagua kwa makini, hapo mishipa midogo ya damu inakutana na damu nyingi za puani zinaanzia hapo hapo. Kama mtu ameumia pua na ukuta umevimba pande zote mbili ukibonyea laini, hiyo ni damu imejikusanya, inatolewa haraka kwa sababu gegedu, yaani mfupa laini wa huo ukuta, linalishwa na utando unaolifunika, likikosa chakula linaoza na pua inabonyea.

Kutofautisha nyama za pua, yaani vivimbe laini vinavyoota humo ndani, na tabineti ya chini ndo kulinichukua muda. Natumia kijiti chenye pamba, tabineti ni ya pinki, imeshika, na mgonjwa anashtuka ukiigusa, nyama yenyewe imepauka kijivu kama zabibu iliyomenywa, inacheza cheza na mgonjwa hasikii maumivu. Mtoto anayetoka usaha unaonuka tundu moja tu, namtafutia kitu alichojiingiza mpaka nihakikishe hakipo.

Mwisho naminya mashavu na chini ya nyusi karibu na pua, ingawa maumivu peke yake hayatoshi kusema ni ugonjwa wa sainasi. Nachokipa uzito zaidi ni jicho, ukuta kati ya ethmoidi na jicho ni mwembamba sana, hivyo mwenye ugonjwa wa sainasi akianza kuvimba jicho, kuona vitu viwili viwili au kuona hafifu, huyo anaenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, hasa akiwa mtoto.