Jinsi Tulivyopanga Maisha Bila Gari Mwanza Tukiwa na Watoto Wadogo

Tulipohamia Mwanza kutoka Mombasa, gari tuliliuza Kenya, na shida iliyotukabili mapema ilikuwa milima: nyumba nyingi za kodi nafuu zimejengwa juu ya mawe, ambako daladala haifiki na mtoto wa miaka miwili hawezi kupanda mvua ikinyesha. Bodaboda hufika, lakini kanuni zinakataza kumpakia abiria aliye chini ya miaka 9, na hata zisingekataza, mimi nisingekubali.

Kilichotusaidia ni kuchagua barabara kabla ya kuchagua nyumba. Tulipanga Nyegezi, karibu na stendi, kwa sababu daladala za kwenda mjini huanzia huko zikiwa tupu, hivyo tunapata kiti kabla konda hajaanza kubananisha watu. Mdogo hubebwa mgongoni kwa kanga hadi kituoni. Tukishaketi namhamishia mapajani, na mkubwa hukaa dirishani, mkoba wake ukiwa miguuni pangu. (Kigari cha mtoto tulichokuja nacho sasa kinabeba ndoo za maji.)

Kwa safari za shule tulikubaliana na dereva wa bajaji, ambaye tunamlipa kila mwisho wa mwezi, kwa sharti kwamba asipakie abiria wengine njiani na kwamba maturubai ya pembeni yafungwe wakati wa mvua. Samaki aina ya sato tunanunua kwa mama anayepita mtaani na beseni, kwa hiyo sokoni naenda peke yangu, watoto wakiwa shuleni.