Sufuria ya Bibi kule Irente

Januari 2019 ndiyo mara ya kwanza nilipotoka Dar es Salaam kwenda kupumzika tangu daktari aniambie nina ugonjwa wa siliaki. Miaka minne nilikuwa nameza vidonge vya kuongeza damu na damu haiongezeki, tumbo linajaa kila nikinywa chai na chapati. Kumbe kila gluteni ilipoingia tumboni, ile protini ya kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili wangu mwenyewe ilikuwa inaushambulia utumbo mwembamba. Tiba ni moja: usile, maisha yako yote.

Ugali upo, wali upo, ndizi zipo, utasema shida iko wapi. Lakini nilishaugua siku tatu kwa sahani moja ya chipsi, kwa kuwa mafuta yake ndiyo yaliyokaanga sambusa. Ndugu zangu walinionea huruma, ila moyoni waliamini kidogo hakidhuru. Nikaacha kwenda kwenye shughuli za watu.

Mdogo wangu ndiye aliyenishika mkono tukaenda Lushoto, wikiendi moja tu, kwa bibi yake rafiki yake, jirani na Irente. Kutoka Mombo gari linapanda kona baada ya kona. Tulipofika Soni watoto walituuzia plamsi kwenye vindoo, nyekundu, ganda bado lina ule ukungu mweupe. Nilikula mpaka vidole vikabadilika rangi. Mkobani nilikuwa na karanga na mihogo ya kuchemsha ya siku mbili.

Bibi alitupokea kwa chai ya maziwa na maandazi ya moto. Nikamwamkia, kisha nikamweleza, huku nikiona aibu kukataa chakula cha mwenyeji.

"Hata nusu andazi, mjukuu wangu?"

"Hata chembe, bibi."

Alinyamaza kidogo, akalitazama jiko lake. Kisha akainuka, akachukua kikaango, akakitoa nje. "Hiki kimepika maandazi asubuhi." Akashika mwiko wenye ufa, akaupitishia kidole, unga ukatoka. "Unga unajificha humu." Mimi mwenyewe lile la mwiko lilinichukua miezi kulitambua, tena baada ya kuumwa. Yeye alilijua palepale, kwa sababu alikuwa amenisikiliza.

Akatoa sufuria ndogo, akaisugua kwa jivu na mchanga, akaisuuza mara tatu, akaigeuza juani. Jioni makande yangu yalichemka humo, mahindi na maharage na kitunguu. Nje baridi ilikuwa kali na ukungu umeshuka hadi mlangoni. Nilikula sahani mbili bila kuuliza swali hata moja. Mwenye maradhi haya anajua uzito wa hilo.

Usiku aliloweka mchele. Alfajiri niliamshwa na mlio wa kinu: anatwanga mwenyewe, hataki mashine ya kijijini kwa kuwa kuna wanaosagisha ngano pale. Akakuna nazi tulizonunua Korogwe, akatia iliki, akapika vitumbua kwa mafuta mapya, kwenye chuma ambacho hakijapika kingine tangu kinunuliwe. Kingo zilikuwa kavu na za kahawia, katikati laini. Nilikula saba. Ndipo tukatembea hadi kwenye mwamba wa Irente, tukakaa ukingoni kuitazama nyika ya Wamasai chini kabisa, mpaka jua likatuunguza. Tumbo lilikuwa limetulia. Nililisahau kabisa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu.

Jumapili tukiaga, Bibi alichana ukanda wa kanga kuukuu, akaufunga kwenye mkono wa ile sufuria, akaitundika juu ya msumari peke yake. Akawaita wajukuu.

"Hii ni ya mgeni wangu. Mtu asiitie unga wa ngano."