Kuta Tano kwenye Uwanja Mmoja: Kusoma Umri wa Majengo ya Shule za Magharibi

Ingia shule yoyote ya msingi ya zamani kati ya Busia na Nakuru, nchini Kenya, uangalie kuta zake. Mara nyingi utakuta za aina nne au tano kwenye uwanja mmoja: za mawe mazito, za udongo uliopigwa plasta, za matofali ya kuchoma, za mawe ya kukatwa kwa mashine, na siku hizi darasa moja au mawili yenye rangi mpya na jina la mfadhili juu ya mlango. Kila ukuta una enzi yake na ugonjwa wake. Bodi ya shule inayojua jengo lipi ni la wakati gani hujua pia pa kuangalia kwanza mvua za Machi zinapokaribia.

Tuanze na wamisheni, kwa kuwa ndio waliochagua viwanja vingi. Reli ilifika Kisumu, wakati ule ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Mwaka 1902 wamisheni wa Friends (Waquaker) kutoka Marekani wakatua Kaimosi, na mwaka 1906 CMS, wamisheni wa Kianglikana, wakaanzisha shule ya Maseno. Madarasa ya kwanza yalikuwa ya fito, udongo na nyasi, na hayo hayapo tena. Yaliyobaki ni yale yaliyojengwa baadaye kwa mawe. Utayatambua kwa kuta nene, madirisha marefu membamba na paa lenye mwinuko mkali.

Kuta hizo mara nyingi zilijengwa kwa udongo au chokaa kati ya mawe, na hapo ndipo mafundi wa leo wanapoziharibu. Shule ikipata pesa kidogo huzipiga plasta ya simiti nje na ndani ili zionekane mpya. Ukuta wa namna hiyo hupumua: maji yanayopanda kutoka ardhini hukauka kupitia kwenye viungo. Ukiuziba kwa simiti, maji hubaki ndani, udongo wa viungo hulainika, na baada ya misimu michache plasta huvimba na kudondoka na vipande vya jiwe. Tiba ni kukwangua viungo kina cha sentimita 2 au 3 na kuvijaza upya kwa chokaa na mchanga, kisha kurudisha mtaro wa maji chini ya ukingo wa paa. Chokaa inachukua muda kukauka na mafundi wengi hawaipendi. Watafute wanaoijua.

Enzi ya pili ni ya mabaraza ya wenyeji, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924. Mabaraza ya Nyanza yalitoza kodi za ziada yakitaka shule zisizo chini ya kanisa, na shule ya serikali ya Kakamega ikafunguliwa mwaka 1932. Baada ya sheria ya 1934 kukaja bodi za elimu za wilaya, zile DEB ambazo herufi zake bado zimo kwenye majina ya shule nyingi hapa kwetu. Shule yenye DEB kwenye kibao kwa kawaida haina kanisa mfadhili, na hilo lina maana hadi leo, kwani mara nyingi ardhi yake ilikuwa mali ya baraza na hatimiliki haikuandikwa kamwe. Kabla ya kujenga chochote hapo, ita mpima ardhi. Darasa lililosimama nusu kwenye shamba la jirani ni kesi ya miaka.

Mijini hali ilikuwa nyingine. Kisumu na Nakuru zilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika mbalimbali hadi karibu na uhuru, na ubaguzi huo bado unaonekana ukipima ukubwa wa viwanja na unene wa kuta.

Kisha harambee. Hapa ndipo majengo mengi ya magharibi yanapotoka, na ndipo pana mengi ya kueleza. Baada ya 1963 kijiji kilichotaka shule kilichanga: huyu mbao, yule kuku wa kupigiwa mnada, akina mama maji na mchanga. Madarasa ya wakati huo ni ya matofali yaliyochomwa papo hapo, hasa Kakamega, Vihiga na Bungoma, na tanuru ndilo lililoamua ukuta ungeishi muda gani. Matofali ya katikati ya tanuru huiva. Yale ya nje hubaki nusu mabichi, lakini kwa kuwa yalihesabiwa na kulipiwa, yaliingia ukutani pamoja na mengine. Ndiyo maana utaona ukuta mzima una matofali mazima, kisha kwa urefu wa mita moja kutoka chini mengine yameliwa na mvua hadi yamebaki mashimo.

Kuyapima ni rahisi. Gonga tofali mbili pamoja: zilizoiva hulia kama chuma, mbichi hutoa mlio mzito. Kwa uhakika zaidi, loweka tofali ndani ya ndoo ya maji usiku mmoja, kisha likwaruze kwa msumari. Likimomonyoka, halifai chini ya dirisha. Kwenye jengo lililosimama tayari, toa matofali yaliyoliwa moja moja, yasizidi mawili yanayofuatana kwa wakati mmoja, weka mazuri kwa chokaa au simiti hafifu, halafu weka gata. Bila gata unapoteza pesa: matone ya paa yakipiga ardhini hurusha matope kwenye ukuta ule ule kila jioni ya mvua.

Mapaa ya harambee nayo yana lake. Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba, na wengi waliokwenda kwa bei walinunua geji 32. Ongeza mbao za blugamu (mkaratusi) zisizotiwa dawa, mchwa wakapanda kutoka ukutani, na upepo wa Aprili ukamaliza. Ukiezeka upya, piga misumari kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde ambako maji hupita, tumia kofia ya mpira, na ufunge mbao za juu ya ukuta kwa waya uliotoka ndani ya ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Fundi atakwambia waya ni gharama ya bure. Paa lililong'oka lote kwa mkupuo mmoja karibu kila mara halikufungwa.

Ada za darasa la 1 hadi la 4 zilifutwa mwaka 1974, wanafunzi wakajaa, kisha shule zikaanza kutoza mchango wa majengo. Mwaka 1985 ulipokuja mfumo wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu), kila shule ya msingi ikatakiwa kuwa na darasa la 8 na karakana, na wazazi wakajenga tena. Vyumba hivyo utavijua kwa milango mipana na meza za zege. Ufundi ulipopunguzwa kwenye mtaala mapema miaka ya 2000, vikawa stoo, na jikoni za sayansi kimu zikawa ofisi. Kwa maoni yangu hivi ndivyo vyumba bora vya kuanzia ukarabati: vina sakafu nzuri na nafasi, na mtaala wa sasa unahitaji tena mahali pa kazi za mikono.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila ada. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa kwenye akaunti ya SIMBA, na 370 za mengine yote, ukarabati ukiwa ndani yake. Hesabu mwenyewe shule ya watoto 600 ilibaki na nini baada ya kulipa mlinzi na maji. Madarasa mapya yakawa kazi ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge ulioanza mwaka huo huo, na CDF hujenga darasa jipya kwa furaha kuliko kubadilisha bati la zamani, kwa kuwa bati halina pa kuandika jina.

Darasa la kawaida la leo ni mita 7.5 kwa 6. Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unaliruhusu wanafunzi 40 wakikaa wawili wawili kwenye dawati, na unataka milango ifunguke kuelekea nje. Pima milango yako. Mingi bado hufungukia ndani.

Tatizo kubwa la kizazi hiki ni ardhi, na linatofautiana kilomita kwa kilomita. Uwanda wa Kano, kuanzia Ahero kushuka ziwani, una udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Darasa lililochorewa Vihiga likiwekwa Kano bila kubadilishwa msingi litapasuka. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si kitu. Ufa unaotoka pembe ya dirisha kwa mshazari, mpana juu kuliko chini, unasema mwisho wa jengo unashuka. Bandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa plasta ngumu na uandike tarehe: kikivunjika, jengo bado linatembea, na kuziba ufa hakutasaidia.

Ukijenga Kano, ondoa udongo mweusi wote chini ya sakafu, ujaze maramu kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine. Msingi uende hadi kwenye tabaka gumu. Lisipopatikana, mhandisi achore zege lenye chuma. Zunguka jengo lote kwa kibaraza cha zege cha mita 1 kinachoteremkia nje, na usipande blugamu karibu, hunyonya maji upande mmoja na jengo likainama. Nakuru ni kinyume chake: udongo wa volkano ni mwepesi, maji huuchukua, na kuna maeneo ardhi hupasuka mvua kubwa ikinyesha. Huko mtaro wa maji ya paa upelekwe mbali na msingi, na mashimo ya vyoo yajengewe ukuta hadi chini.

Mapaa ya asbestosi bado yapo kwenye baadhi ya majengo ya zamani. Usiyapige msasa, usiyatoboe, wala usiyafagie makavu. Yakitolewa yaloweshwe kwanza, yashushwe mazima, yafungwe kwa nailoni na yabebwe na mkandarasi aliyeidhinishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira.

Gredi ya 7, mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini kwenye mtaala mpya, ilianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, wakati madarasa mengi yaliyojengwa kwa ajili yake yalikuwa tayari yamesimama kwenye sekondari. Shule za msingi zenye uwanja mdogo, hasa Kisumu na Kakamega mjini, sasa zinafikiria kwenda juu. Msingi wa darasa la chini la harambee haukupimwa kubeba ghorofa. Chimba kwenye pembe mbili uone upana na kina chake, mwite mhandisi wa kaunti, na akisema hapana, usimtafute mwingine. Hata jengo jipya la ghorofa liwe na ngazi mbili, moja kila upande. Mwezi Februari 2020, kwenye shule moja ya msingi mjini Kakamega, zaidi ya watoto kumi walikufa kwenye mkanyagano ngazini wakitoka darasani jioni. Ngazi ya pili hukatwa kwenye bajeti mapema kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba pamoja na msingi, na malipo ya slabu yasitolewe kabla ngazi zote mbili hazijamwagwa zege.